Kufiti ni Kazi ya Wawili

Juni ikikaribia, kwa kinyozi wetu hapa Umoja watu hawaendi kunyolewa tu. Wanaenda kuchagua wachezaji. Kuna benchi moja ya mbao, runinga iliyotundikwa juu ya kioo, na jamaa sita au saba ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Marekani, lakini kila mmoja anajua ni timu gani ya NBA inahitaji senta na ni gani imejaza magadi kupita kiasi.

Nikisema drafti, simaanishi ile ya vifuniko vya soda. Namaanisha ule usiku ambapo timu 30 za NBA hupokezana kuchagua vijana wanaoingia kwenye ligi. Zilizofanya vibaya hupata kuchagua mapema, na bahati nasibu huamua ni nani hasa atatangulia. Kwetu huwa ni saa nane, saa tisa za usiku. Wenye kazi asubuhi hulala, halafu huja kubishana kana kwamba walikesha.

Napenda mabishano haya. Nimeyasikiliza miaka mingi, na nimebishana kwa sauti kubwa kuliko wengi. Lakini yana kasoro moja, na kila nikiifikiria naona uso wa mtu mmoja: Hasheem Thabeet.

Kila mwaka lazima tufike kwake. Safari hii alianza kijana wa chuo aliyekuwa akingoja zamu yake. "Thabeet alikuwa hewa," akasema. "Namba mbili, buda! Mbele ya Harden. Mbele ya Curry. Manze, hao watu walikuwa wanaangalia nini?" Tukacheka. Kinyozi alizima mashine ili acheke vizuri. Mzee mmoja akajaribu kumtetea: "Lakini ni mtu wetu bana, ni wa hapo Dar tu." Hoja hiyo ikazidisha kicheko.

Mimi pia nilicheka. Halafu nikatoka na hasira ambayo sikuielewa hadi nilipofika steji. Makala haya ni hasira hiyo, ikiwa imepoa kidogo.

Tuanze na yaliyotokea. Usiku wa Juni 25, 2009, Los Angeles Clippers walimchagua Blake Griffin wa kwanza. Memphis Grizzlies wakafuata na Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye futi 7 na inchi 3, aliyeanza kucheza basketi akiwa tayari kijana mkubwa. Oklahoma City wakamchukua James Harden. Minnesota, waliokuwa na nafasi ya tano na ya sita, wakachukua mapointi gadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Wa saba, Golden State, wakamchukua Stephen Curry.

Tunapoisimulia leo, tunaisimulia kama vile Memphis waliona mti mrefu barabarani wakauokota. Si kweli. Thabeet alikuwa amecheza misimu mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, na katika msimu wake wa mwisho alikuwa akizuia zaidi ya mitupo minne kila mechi. Mwaka huo alishiriki tuzo ya mchezaji bora wa kundi la Big East, na timu yake ikafika nne bora za mashindano ya vyuo. Vijana wengi wanaochaguliwa mapema hawana hata nusu ya hayo.

Tena Memphis walikuwa na sababu, na ukiisikiliza utaona ni sababu ile ile tunayoitoa sisi kwa kinyozi. Walikuwa na Mike Conley kama pointi gadi. Walikuwa na O.J. Mayo, gadi mfungaji ambaye ndio kwanza alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza. Walikuwa na Rudy Gay kama fowadi. Sasa Harden angekaa wapi, juu ya Mayo? Kwa hesabu za nafasi, kilichobaki ni mtu mrefu wa kulinda ringi. Ungewaweka wale jamaa wa benchi ya mbao kwenye ofisi ya Memphis usiku ule, nusu yao wangechagua vile vile.

Lakini hesabu hizo zilisahau kitu kimoja. Senta pia walikuwa naye. Marc Gasol alikuwa amemaliza msimu mmoja tu, na miaka minne baadaye angetajwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Julai ile ile wakamleta Zach Randolph, mtu wa chini ya ringi kabisa. Kwa hivyo Thabeet alifika kwenye nyumba ambayo kitanda chake kilikuwa na mwenyewe. Msimu wa kwanza alicheza dakika 13 hivi kwa mechi na kupata wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, katika ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kuteremshwa huko. Februari 2011 wakamtuma Houston katika mabadilishano yaliyowaletea Shane Battier. Akapita Portland, akapita Oklahoma City, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha: mechi 224, wastani wa pointi 2.2.

Na Memphis? Miezi miwili tu baada ya kumwondoa, wakiwa timu ya nane, waliwatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza. Mechi ya kwanza ya mfululizo huo, ambayo ndiyo iliyokuwa ushindi wa kwanza wa klabu hiyo katika hatua ya mtoano tangu ianzishwe, ilipatikana kwa mtupo wa pointi tatu wa dakika ya mwisho. Aliyeutupa ni Battier. Kwa kinyozi hatuifiki sehemu hii kamwe. Tunasema Memphis walipata hasara. Aliyepata hasara ni nani hasa?

Neno tunalolitumia ni kufiti. "Huyo hafiti pale." Tumelitoa kwenye Kiingereza na hakuna ubaya, nami nalitumia kila siku. Tatizo ni kwamba tunalitumia kama tunavyozungumzia nguo za Gikomba. Umejaribu shati, limekubana, unalirudisha kwenye rundo. Mwili wako hauna kosa. Shati ndilo lenye kosa. Tukisema mchezaji hakufiti, tunaifanya timu iwe mwili na mchezaji awe mtumba.

Kiswahili tayari kilikuwa na neno lenye haki zaidi: kufaana. Huwezi kufaana peke yako. Ni kama kupigana au kusalimiana, lazima wawepo wawili. Ukisema "Thabeet hakufaa", kesi imekwisha na mfungwa ni mmoja. Ukisema "Thabeet na Memphis hawakufaana", inabidi uulize swali la pili: Memphis walifanya nini?

Mfano mzuri zaidi wa swali hilo la pili tunao kwenye drafti hiyo hiyo. Curry hakufiti Golden State. Tunalisahau hilo kwa sababu tunajua mwisho wa hadithi. Timu ilikuwa na Monta Ellis, gadi mwingine mdogo wa mwili anayependa kufunga, na kabla msimu haujaanza Ellis mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba wawili hao hawawezi kucheza pamoja. Halafu vifundo vya miguu vya Curry vikaanza kumsumbua. Msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu. Tungekuwa na mjadala kwa kinyozi mwezi huo, najua tungesema nini: uza huyo mgonjwa, baki na Ellis anayefunga kila usiku.

Machi 2012 Golden State walimtuma Ellis Milwaukee katika mabadilishano yaliyomleta Andrew Bogut, senta. Walimbakiza mwenye mguu mbovu. Tayari walikuwa wamemchagua Klay Thompson mwaka 2011. Mwaka 2012 wakamchukua Draymond Green akiwa wa 35, na 2014 wakamwajiri kocha Steve Kerr. Ubingwa ukaja 2015, 2017, 2018 na 2022. Kipaji kilikuwa cha Curry, hakuna anayekataa. Lakini kufiti kulijengwa. Walihamisha viti, wakabomoa ukuta, wakabadilisha mpishi.

Hata Harden, yule ambaye eti kila mpumbavu angemwona, alianzia benchi Oklahoma City nyuma ya Durant na Westbrook. Alipata tuzo ya mchezaji bora wa akiba mwaka 2012, na Oktoba mwaka huo wakampeleka Houston, ambako alikabidhiwa mpira na timu nzima. Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa ligi. Cha kushangaza ni kwamba Thabeet alikuwa amesajiliwa Oklahoma City miezi michache tu kabla Harden hajaondoka. Namba mbili na namba tatu walipishana mlangoni.

Ndiyo maana sipendi mchezo wetu wa kuchagua upya, ule wa kupanga drafti ya zamani kwa macho ya leo. Curry wa kwanza, Harden wa pili, tunamwondoa Thabeet, tunamaliza, tunajisikia werevu. Kama hadithi, huo ni utungaji wa kivivu. Unachukua mwembe ambao umekuzwa shamba moja kwa miaka kumi na kuzaa, unaung'oa na kuupanda kwa jirani, kisha unahesabu maembe yale yale. Nani alikwambia ungezaa kwa Memphis, kati ya Conley na Mayo?

Mwaka 1984 ndio msumari wetu tunaoupenda kuugongea. Portland walimchukua Sam Bowie wa pili, Michael Jordan akaenda Chicago akiwa wa tatu. Portland walikuwa na Clyde Drexler, wa nafasi ya Jordan, na walitaka senta. Miguu ya Bowie ilikuwa imeshamsumbua chuoni, na ikaendelea kumsumbua. Funzo tulilolipata wote ni moja: chukua aliye bora, usiangalie nafasi. Ni funzo zuri kwa timu. Kwa Bowie mwenyewe, aliyecheza misimu kumi katika ligi ngumu kuliko zote duniani, halisemi chochote. Amebaki kuwa yule ambaye si Jordan.

Na 2003 inavuruga hata funzo hilo. Detroit, wa pili, walimchukua Darko Milicic badala ya Carmelo Anthony, Chris Bosh au Dwyane Wade. Nafasi ya Carmelo walikuwa na Tayshaun Prince. Msimu huo huo, 2004, Detroit wakawa mabingwa. Darko alikuwa ametimiza miaka 18 wiki ya drafti, na ubingwa huo aliutazama zaidi akiwa benchi. Sasa hilo ni kosa au si kosa? Kwa timu, kombe liko kabatini. Kwa kijana, miaka ya kujifunza ilipita akiwa amekaa. Mabishano yetu hayana nafasi ya kusema kwamba timu inaweza kufaulu na kijana akapotea ndani ya nyumba moja. Tunataka mshindi mmoja na mjinga mmoja.

Hapa nirudi kwenye ile hasira.

Mwaka 2009 nilikuwa Form Two kwenye shule ya bweni ambayo sitaitaja. Nilifika huko kwa sababu ya urefu. Mwalimu wa michezo alikuja primary yetu, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaongea na mama: nusu ya karo itasamehewa, mradi niwe kwenye timu ya basketi. Hakuniona nikicheza. Angeniona, angejua kwamba nilijifunza mpira mtaani nikiwa mfupi, kabla mwili haujaruka. Nilichokijua ni kudunda na kutoa pasi. Shule ilikuwa na senta tayari, kijana wa Form Three mwenye mabega kama mlango. Siku ya kwanza ya mazoezi mwalimu aliniambia, "Wewe kaa chini ya ringi." Nikakaa. Hakuna aliyenionyesha unafanya nini ukiwa hapo chini.

Habari za drafti ile zilitufikia kwenye gazeti moja na kifo cha Michael Jackson, maana ilikuwa siku hiyo hiyo. Bweni zima lililia Michael. Mimi nilisoma kuhusu Mtanzania, namba mbili duniani. Nilikata jina lake kwenye gazeti nikalibandika ndani ya sanduku langu, upande wa mfuniko, nilioweza kuuona kila nikichukua sabuni.

Mwisho wa mwaka nikaitwa ofisini. Mwalimu hakuwa mkali, na mpaka leo sina kisa naye. Alisema nafasi za karo ni chache na kuna kijana mwingine anakuja. Alisema, "Haukufiti tu, kijana wangu. Si makosa yako." Januari 2010 mama alinihamishia shule ya kutwa karibu na nyumbani. Februari, Memphis wakampeleka Thabeet Dakota.

Sijifananishi naye. Yeye alilipwa mamilioni ya dola, mimi nilisamehewa nusu ya karo kwa miaka miwili. Lakini naomba uelewe nilichokifanya baada ya hapo. Watu walipoanza kumcheka Thabeet, mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nilijua takwimu zake zote. Nilikuwa na vichekesho vyangu mwenyewe kumhusu. Kwa sababu tukimcheka yeye, hakuna aliyekumbuka kuniuliza mimi nilirudi mtaani kwa nini.

Kwa hivyo nisionekane namtetea kwa upofu. Upande wa pili una hoja, tena nzito. Nafasi ya pili ni mali ghali, na ukiitumia unatarajiwa kupata mchezaji, si mwanafunzi. Dalili pia zilikuwepo: mwezi Februari 2009 DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, alimbwaga sakafuni mbele ya kamera. Katika NBA, Thabeet alisukumwa na wenye nguvu, akakusanya faulo haraka, na mikono yake haikushika kila alichotumiwa. Huenda hata angelelewa miaka kumi asingekuwa nyota. Hilo nalikubali.

Lakini mtazame Rudy Gobert, Mfaransa wa futi 7 na inchi 1, chaguo la 27 mwaka 2013. Msimu wake wa kwanza akiwa na Utah alipata wastani wa pointi 2.3, chini ya zile 3.1 za Thabeet. Naye pia alipelekwa ligi ndogo. Hakuna aliyecheka, maana nani humcheka namba 27? Utah wakamngoja. Leo ametajwa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Gobert si Thabeet, ana miguu na mikono bora zaidi. Ninachosema ni kwamba jambo lile lile, mrefu mchanga kwenda ligi ndogo msimu wake wa kwanza, kwa mmoja liliitwa mafunzo na kwa mwingine likaitwa aibu. Kilichotofautiana ni namba iliyosomwa usiku wa drafti, na namba hiyo hawakuichagua wao.

Sitaki tuache kubishana. Nitakuwa kwenye benchi ile Juni hii na nyingine. Ninachoomba ni swali moja zaidi. Mtu akisema timu fulani imchukue kijana fulani, tusiulize tu atakaa nafasi gani. Tuulize Jumatatu asubuhi, kamera zikishaondoka, ni nani atakayekuwa naye uwanjani, atamfundisha nini, na kwa muda gani kabla hawajachoka. Kama hatuna jibu, basi hatujui kama atafiti, tunakisia urefu wa shati tu.

Juzi nilipoenda tena nilimjaribu kinyozi na swali hilo. Akasema, "Hayo ni ya kocha, boss. Sisi tunachagua tu." Haki yake.

Tukiwa hapo akaingia mvulana wa Form Two akiwa na sare ya shule, kichwa kikikaribia kugusa fremu ya mlango. "Senta huyo ameingia!" mtu akasema. Mvulana akatabasamu kwa adabu. Nikamuuliza anacheza nafasi gani. Akasema anapenda pointi gadi, na benchi nzima ikaangua kicheko. Kikiisha nikamuuliza ni nani anayemfundisha. Akasema mwalimu amemwambia akae chini ya ringi, na ile ya kudunda anajifunza mwenyewe jioni wenzake wakishaenda.

Zamu ilikuwa yangu. Nikampisha anyolewe kwanza, maana kesho yake ilikuwa Jumatatu na shuleni wanataka kichwa kiwe safi.